Nani Alipima Shingo ya Mama?

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi kwenye siku ya sayansi, Kisumu

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanangu mliokaa hapa mbele na mliosimama kule nyuma karibu na madirisha: hamjambo? Itifaki imezingatiwa, tuingie kwenye kilichotuleta.

Nimekuja na daftari. Ni daftari la kawaida la shule, jalada lilishatoka zamani, na pembe zake zimejikunja. Mwenyewe, msichana niliyemfundisha fizikia, alinipa wiki aliyomaliza kidato cha nne. Alinishika mkono, akasema, "Mwalimu, haya ni yako," akaenda. Ukilifungua mbele utakuta noti zangu, neno kwa neno, jinsi nilivyoziandika ubaoni. Ukiligeuza na kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi katikati, utakuta maswali. Niliyahesabu nikapata 43. Mengi yako kwa Kiswahili, manne kwa Dholuo, na hakuna hata moja kwa Kiingereza, ingawa fizikia niliwafundisha kwa Kiingereza, kama mnavyofundishwa nyinyi hadi leo.

Nilikaa na daftari hili miaka mingi kabla sijaelewa kwa nini maswali yalikuwa upande wa pili na kwa lugha nyingine. Ndilo jambo nililokuja kuzungumza nanyi, na nitalizungumza kwa kuyafungua maswali yenyewe, si yote.

Swali la kwanza lilizaliwa darasani, kidato cha tatu, tulipofika mada ya kazi na kawi. Niliwaeleza kwamba katika fizikia kazi ni nguvu mara umbali, na lazima umbali huo uwe wa upande uleule ambao nguvu inaelekea. Ukisukuma ukuta tangu asubuhi hadi jioni na ukuta usisogee, hujaufanyia ukuta kazi yoyote. Hapo darasa lilinyamaza tu, maana ukuta si wa mtu. Kisha nikatoa mfano ambao vitabu vingi vinautoa. Mtu amebeba mzigo kichwani, anatembea kwenye njia tambarare. Shingo inausukuma mzigo kwenda juu, lakini mzigo unakwenda mbele. Juu haujapanda hata kidogo. Basi kazi iliyofanyiwa mzigo ni sufuri.

Msichana yule akainua mkono. Kwao ni karibu na ziwa, na mama yake alikuwa akichota maji kwa ndoo, alfajiri mara mbili na jioni mara mbili. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, mama akitoka ziwani na ndoo mpaka nyumbani, hiyo ni kazi sufuri?"

Nikamjibu, "Kwenye mtihani andika sufuri."

Akaandika, akapata maki zake. Na nyuma ya daftari, kwa kalamu nyekundu, akaandika: *Nani alipima shingo ya mama?*

Wanangu, jibu nililompa lilikuwa sahihi kwenye karatasi ya mtihani na lilikuwa baya kila mahali pengine. Nalijutia hadi leo. Alikuwa ameikariri fomula ile kwa Kiingereza wiki nzima bila taabu, kwa sababu neno lile la Kiingereza, *work*, halikuwahi kumchotea maji. Siku alipolileta kwenye Kiswahili likawa *kazi*, na kazi anaijua. Kazi ni jasho, kazi ni mgongo wa mama alfajiri. Kwa Dholuo ni *tich*, na tich haijawahi kuwa sufuri nyumbani kwao. Fumbo lilikuwamo ndani ya fomula tangu mwanzo. Alilishtua kwa kulivusha kwenye lugha yake. Mimi niliyesomea fizikia chuo kikuu sikuwa nimeliona.

Basi nimjibu leo, mbele yenu.

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, tuache uzito wa ndoo yenyewe. Dunia inaivuta kwa nguvu ya niutoni 196, niutoni ikiwa ndicho kipimo cha nguvu. Mama anapojitwisha, anaipandisha kutoka chini hadi juu ya kata kichwani, tuseme mita 1.6. Hapo amefanya kazi halisi, hata kwa kipimo cha fizikia: takriban jouli 314, jouli ikiwa ndicho kipimo cha kazi na kawi. Akifika nyumbani akaitua, ndoo inazirudisha jouli hizo zote. Ukipiga hesabu ya ndoo peke yake, kutoka ardhi ya ziwani hadi ardhi ya nyumbani pa tambarare, ndoo haijapata kitu. Hilo ndilo kitabu kilikuwa kinasema. Kitabu kilikuwa kinaandika hesabu ya *ndoo*. Msichana alikuwa anauliza hesabu ya *mama*.

Na hesabu ya mama ni nyingine kabisa. Meza inaweza kuibeba ndoo ile mchana kutwa na isiombe ugali. Msuli hauko hivyo. Msuli uliokazwa, hata ukiwa umetulia tuli, ndani yake nyuzi ndogo sana zinashikana na kuachiliana mfululizo, na kila kushikana kunakula chakula kidogo. Nyoosha mkono wako mbele ukiwa umeshika kitabu, hesabu hadi mia mbili, utaelewa bila mimi kukueleza. Kitabu hakijapanda wala kushuka, lakini bega linawaka. Chakula kile kimegeuka joto, na ndiyo maana aliyebeba ndoo hutokwa na jasho. Kawi haikupotea. Imetoka kwenye uji wa asubuhi ikaenda hewani ikiwa joto, na kwenye ndoo haikubaki hata jouli moja.

Halafu kuna jambo ambalo nililijua nikiwa nimechelewa mno. Mwaka 1986 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa wanasayansi akiwemo Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walifanya kile ambacho msichana alikidai: walipima. Waliwapima wanawake Waluo wanaobeba mizigo kichwani na wanawake Wakikuyu wanaobeba kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, wakaangalia oksijeni wanayoitumia wakitembea. Oksijeni ni kama mita ya umeme ya mwili. Ukijua inayotumika, unajua kawi inayotumika. Walikuta kwamba wanawake hao wakibeba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wao, matumizi yao ya kawi hayakuongezeka. Mama wa kilo 60 akitembea na kilo 12 kichwani alitumia sawa na akitembea mikono mitupu.

Naomba mtulie na hilo kidogo. Sufuri iliyomkasirisha mwanafunzi wangu kwenye kitabu ilitokea maabara, lakini ni sufuri nyingine, yenye sababu nyingine. Mwaka 1995 watafiti wa kundi hilo walieleza inavyotokea. Kila unapotembea, mwili wako unapanda na kushuka kidogo, kama pendulamu iliyopinduliwa kichwa chini. Ukipanda unapunguza kasi, ukishuka unaipata tena. Watu wengi hupoteza kawi nyingi katika kubadilishana huko, nayo misuli hulazimika kuifidia. Wanawake wale, walipobebeshwa mzigo, walibadilishana vizuri zaidi, na upotevu ukapungua kiasi cha kulipia mzigo. Ni ufundi uliomo katika mwendo, waliojifunza tangu utotoni kwa debe dogo, kisha kubwa, kisha ndoo.

Sisemi ndoo ni nyepesi. Lita 20 kwa mama wa kilo 60 ni theluthi ya uzito wake, imepita mbali ile asilimia 20, na hapo mwili unalipa. Shingo na magoti yanalipa pia, na hayo oksijeni haiyahesabu. Bomba la maji karibu na nyumba bado ni jibu bora kuliko mwendo wowote mzuri. Ninachosema ni kwamba mtoto wa kidato cha tatu aliuliza nani alipima, na ikawa kuna watu walipima, wakiwemo wa nchi hii, na jambo walilolipata likaingia kwenye jarida linaloheshimiwa dunia nzima. Lingekuwa limemfikia darasani siku ileile kama mwalimu wake angesema, "Swali zuri, twende tulitafute."

Naendelea. Swali la tisa ni fupi: *Tunasema funga mlango, baridi inaingia. Baridi inatoka wapi, na ikishaingia inakaa wapi?*

Mnaona tena? Swali hili linakaa ndani ya lugha. Kwa Kiswahili baridi inaingia, inapiga, inashika, kama mgeni mwenye miguu. Fizikia inasema hakuna kitu kiitwacho baridi kinachosafiri. Kinachosafiri ni joto, nalo huenda kutoka penye joto zaidi kwenda penye joto pungufu. Mlango ukiwa wazi, ni joto la nyumba linalotoka. Chini ya swali alikuwa ameandika neno moja, *jembe*, na mwaka uliofuata baada ya kunipa daftari nilimuuliza alikuwa na maana gani. Alikuwa amekwenda kwa shangazi yake upande wa Timboroa, ambako asubuhi ni baridi kweli. Jembe lililala nje. Alipolishika asubuhi, chuma kiliuma vidole na mpini haukuuma. Akajiambia chuma kimeingiwa na baridi kuliko mti.

Lakini vyote viwili vililala nje usiku kucha. Ukiweka kipimajoto, chuma na mpini viko sawasawa. Tofauti iko kwenye mkono wake. Ngozi ina joto kuliko vyote viwili, na chuma hulipitisha joto haraka kuliko mti mamia ya mara, kwa hiyo kinalinyonya kutoka vidoleni kabla damu haijaleta jingine. Mkono hauhisi kitu kina joto kiasi gani. Unahisi joto linaondoka au linaingia kwa kasi gani. Ndiyo maana jembe hilohilo likiachwa juani hapa Kisumu saa saba mchana, chuma kinakuunguza na mpini unakuachia.

Swali hili la baridi linanikumbusha kijana mmoja wa jirani zetu Tanzania, na siwezi kupita bila kumtaja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha yanaingia kwenye friji ya kugandisha. Nafasi kwenye friji ilikuwa haba. Mpemba alihofia kuikosa, akayatia maziwa yake yakiwa bado moto. Baadaye akakuta yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa yamepoa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, profesa aitwaye Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi kama ninavyozungumza nanyi leo. Mpemba akasimama, akauliza swali lake mbele ya watu. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, likajaribiwa kwenye maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha makala pamoja. Leo jambo hilo linaitwa jina la kijana yule kote duniani, na wanafizikia bado wanabishana juu yake. Wapo waliolipata maabara, na wapo waliolitafuta kwa uangalifu mkubwa wakalikosa. Kuvukizwa kwa maji, hewa iliyoyeyuka ndani yake, namna maji yanavyozunguka chomboni, hata barafu iliyo chini ya chombo, kila kimoja kinaweza kubadilisha matokeo. Zaidi ya miaka 50 imepita na bakuli la maziwa halijaisha kuulizwa.

Walimu wenzangu, nilipolisoma jibu la mwalimu wa Mpemba nilijisikia kana kwamba nimeandikiwa mimi.

Swali la kumi na saba. Msichana alikuwa amepita sokoni Kibuye akawaona vijana wa mikokoteni. Aliandika: *Newton anasema nikivuta mkokoteni, mkokoteni unanivuta nyuma kwa nguvu ileile. Sasa unatembeaje?*

Mnacheka, lakini nani anaweza kusimama alijibu? Ngojeni. Nguvu ya kijana kwenda mbele ni sawa na nguvu ya mkokoteni kumrudisha nyuma, hilo ni kweli kila sekunde, wakiwa wamesimama au wanakimbia. Ukizijumlisha unapata sufuri, na mkokoteni haufai kutoka sokoni. Kosa liko kwenye kujumlisha. Moja inaushika mkokoteni, nyingine inamshika kijana. Huwezi kuchukua deni la jirani ukalikata kwenye mshahara wako. Uulize mkokoteni: ni nini kinakugusa? Kijana anauvuta mbele, barabara inausugua nyuma kidogo. Mbele ni kubwa kuliko nyuma, basi unatoka. Mwulize kijana: ni nini kinakugusa? Mkokoteni unanirudisha nyuma, na ardhi inanisukuma mbele.

Ardhi! Huyo ndiye mtu wa tatu aliyesahauliwa. Tazameni miguu ya kijana wa mkokoteni: ameinama, vidole vimechimba lami, anaisukuma dunia nyuma, na dunia inamsukuma yeye mbele. Mpeleke kijana huyohuyo kwenye udongo mweusi wa tambarare ya Kano baada ya mvua. Misuli ni ileile, mkokoteni ni uleule, lakini miguu inateleza, na Newton anakwama pamoja naye matopeni. Na ndiyo, kijana akivuta kuelekea Kondele, dunia nzima inasogea kidogo upande wa pili. Dunia ina kilo 6 zikifuatwa na sufuri 24, ndiyo maana hakuna anayeona.

Yapo maswali niliyoyapita haraka hata nilipokuwa peke yangu, na nitayapita leo pia. Aliuliza kwa nini samaki huonekana yuko juu kuliko alipo. Ni kwa sababu mwanga unapotoka majini kuingia hewani unapinda, na ukiangalia moja kwa moja kutoka juu, kina cha mita nne kinaonekana kama mita tatu. Wavuvi wa mkuki wanalijua hilo bila kulisoma. Hulenga chini ya wanapomwona samaki. Aliuliza pia kwa nini radi huonekana kwanza ndipo isikike. Hesabuni sekunde kati ya mwanga na ngurumo, mgawe kwa tatu, mtapata kilomita. Zikiwa chache, ingieni ndani. Hapa kwetu, na zaidi kule Kakamega na Kisii, hiyo si hesabu ya mchezo.

Swali la ishirini na mbili lilitoka Maseno, pale barabara ya kwenda Busia inapovuka ikweta. Walisimama kupiga picha kwenye kibao wakiwa safarini na shule. Akaandika: *Mwalimu alisema hapa dunia inazunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa. Mbona skafu yangu haikupepea?*

Haikupepea kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja nasi, kama abiria wa gari moja. Ukiwa kwenye basi linalokwenda kilomita 80 kwenye barabara laini, madirisha yamefungwa, ukirusha sarafu juu inarudi kiganjani mwako. Mwili hauhisi mwendo. Unahisi *kubadilika* kwa mwendo: breki, kona, shimo. Dunia haina breki. Kona inayo, maana inatuzungusha, lakini ni kona pana mno, inachukua saa 24 kuikamilisha.

Hata hivyo kona hiyo inaacha alama, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Kwa sababu dunia inazunguka, na kwa sababu kuzunguka huko kumeifanya ivimbe kiunoni, kitu kilekile huvutwa kwa nguvu iliyozidi kidogo kwenye ncha za dunia kuliko kwenye ikweta. Chukua gunia la mahindi la kilo 90. Lipime kwa mizani ya springi kwenye ncha ya kaskazini, kisha lilete ulipime kwa mizani ileile usawa wa bahari kwenye ikweta. Litaonyesha upungufu wa karibu nusu kilo, na hakuna aliyeiba hata punje. Sasa lipime kwa mizani ya mawe, ile yenye gunia upande mmoja na mawe upande wa pili. Hakuna upungufu wowote, kwa sababu mawe nayo yamepungukiwa vilevile.

Kiswahili chetu cha sokoni kinaziita zote mbili *uzito*. Fizikia inazitenganisha: kuna kiasi cha mahindi, ambacho hakibadiliki popote uendapo, na kuna nguvu ambayo dunia inayavuta mahindi, ambayo inabadilika. Nimewaona wanafunzi wakikariri tofauti hiyo kwa miaka minne bila kuiamini. Waambie habari ya gunia na mizani mbili, wataiamini kabla ya kengele.

Nimelihifadhi la mwisho, namba 43. Liko peke yake kwenye ukurasa. Aliliandika akiwa kidato cha nne, usiku, nadhani kutoka mahali ambapo angeweza kuona ziwa, kwa sababu kando yake alichora taa za wavuvi wa omena, vidoti vingi juu ya mstari wa maji, na juu ya vidoti hivyo vidoti vingine vya nyota. Swali ni hili: *Kama nyota hazina mwisho, usiku unapata wapi weusi?*

Nilipolisoma nilidhani ni ushairi, nikageuza ukurasa. Kumbe ni moja ya mafumbo mazito ya fizikia. Limebeba jina la Heinrich Olbers, daktari wa Ujerumani aliyeliandikia mwaka 1823, ingawa wengine walikuwa wameshalikaribia kabla yake.

Fikirieni msitu wa Kakamega. Ukisimama ukingoni, katikati ya mashina unaona mwanga wa shamba la jirani. Ukiingia ndani sana, popote utakapoangalia jicho linagonga shina. Likikosa la karibu, litagonga la mbali. Sasa badala ya mashina weka nyota. Kama anga haina mwisho, na nyota zimetawanyika kote, na zimekuwepo tangu milele, basi popote utakapoangalia jicho lingepaswa kugonga nyota. Zilizo mbali ni hafifu, lakini ni nyingi zaidi, na wingi unafidia uhafifu. Anga yote ingepaswa kuwaka kama uso wa jua, usiku na mchana. Kusingekuwa na usiku. Kusingekuwa hata na sisi.

Na bado kila jioni, saa moja kasoro, giza linaingia. Kwa hiyo moja ya zile dhana si kweli. Iliyoanguka ni ile ya milele. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ni wa haraka sana, lakini si wa papo hapo. Ule wa jua hutumia dakika 8 na sekunde kadhaa kutufikia. Ulimwengu una umri wa takriban miaka bilioni 13.8. Nyota ambayo mwanga wake ungehitaji muda mrefu kuliko huo, mwanga wake bado haujatufikia. Sisi tuko msituni, lakini mashina ya mbali bado hayajaonekana. Weusi ulio kati ya nyota na nyota ni alama ya kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Msichana aliyekaa kando ya ziwa akitazama giza alikuwa anatazama ushahidi.

Kuna nyongeza, nayo ndiyo huninyima usingizi kwa furaha. Ulimwengu unatanuka, na kutanuka huko kunauvuta mwanga wa zamani mpaka macho yetu hayauoni tena. Katikati ya miaka ya 1960, Arno Penzias na Robert Wilson, huko Marekani, walikuwa na antena iliyosikia mvumo usiokoma kutoka kila upande wa anga. Walitafuta kosa kwenye mitambo, wakaondoa hata kinyesi cha njiwa, mvumo ukabaki. Ulikuwa ni mwanga wa tangu ulimwengu ukiwa mchanga, umenyooshwa na kupoa hadi digrii 270 chini ya sufuri. Kwa hiyo anga ya usiku inawaka kote kama fumbo la Olbers lilivyodai, ila katika rangi ambayo jicho halina.

Na msidhani mambo haya ni ya mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi ili kuchunguza anga kwa miale ya eksrei, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Uchunguzi wake ulisaidia kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali ambao hata mwanga hauwezi kuutoroka, wakati ambapo wengi walidhani mashimo hayo ni hesabu za karatasini tu. 

Wazazi, mtoto akiwauliza jambo kama hili akiwa jikoni, msimpeleke kwa mwalimu haraka. Mwulizeni alilionaje. Walimu, mtoto akiuliza kwa Dholuo au Kiluhya au Kiswahili katikati ya somo, msimkatize kwa sababu ya lugha. Huenda ndipo fomula inagusa ardhi kwa mara ya kwanza. Nilifundisha miaka 31, na maswali 43 yalikuwa yamekaa mita tatu kutoka kwangu, upande wa nyuma wa daftari.

Sasa nimeshazungumza vya kutosha. Hapo mezani mnaona ndoo mbili, mzani wa springi, kata mbili za leso, na saa ya kuhesabia sekunde. Tutatoka nje, pale uwanjani pa tambarare. Atakayebeba atapimwa mapigo ya moyo akiwa amesimama, kisha baada ya kutembea mita 400 bila mzigo, kisha akipumzika, kisha mita 400 na ndoo ya lita 6, kwa mwendo uleule. Halafu tutaongeza maji, lita baada ya lita, hadi moyo wenyewe utuambie pale mzigo unapoanza kulipwa. Kina mama mlioko nyuma, hii ndoo mnaijua kuliko sisi wote, naomba mtangulie. Nani ana saa yenye sekunde? Na nani ataandika?